Chemchemi imo shambani mwangu, je, maji yake ni yangu peke yangu?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Nina shamba Misungwi nililorithi kwa marehemu baba, na ndani yake mna chemchemi. Nilikopa nikanunua pampu, namwagilia nyanya na majaruba ya mpunga. Kiangazi hiki mfereji unaoteremka kwa majirani umekauka. Kina mama wanakuja na ndoo, wachungaji wananinung'unikia. Ustadhi mmoja ameniambia maji ni yangu kama shamba lilivyo langu, nizungushie uzio, anayetaka anunue. Nami marejesho yananibana. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumu salaam. Kumwagilia ni halali yako, na wewe uliye juu ndiye unayeanza. Sahaba Zubayr alipogombana na Answari mmoja, yaani mwenyeji wa Madina, juu ya mifereji ya Harra kule Madina, Mtume (swalla Allahu alayhi wa sallam) alimwambia Zubayr anyweshe shamba lake, kisha ampelekee jirani maji.

Kauli ya ustadhi huyo ndiyo iliyonikera, kwa sababu kila kiangazi kikikaza naisikia. Ameshika nusu ya maneno. Ni kweli wapo wanazuoni wa madhhab yetu ya Shafi waliosema maji ya kisima ulichochimba katika milki yako ni yako. Lakini hao hao wamekuwajibisha utoe ziada bure kwa mwenye kiu na kwa mifugo. Mbona hakukusomea ukurasa wote? Tena wewe chemchemi hukuichimba, wala baba yako hakuichimba. Katika Sahih Muslim, Jabir amepokea kwamba Mtume alikataza kuuza maji ya ziada. Na katika Bukhari, aliyemnyima msafiri ziada ya maji njiani ametajwa miongoni mwa watu ambao Allah hatawatazama Siku ya Kiyama. Huo uzio wa biashara utausimamisha kwa hoja gani?

Wanazuoni walikadiria haki ya Zubayr: maji yafike vifundo vya miguu, kisha yaachiwe. Naye Zubayr hakuwa na pampu! Mfereji hauwezi kukausha jicho la chemchemi, mashine yako inaweza. Basi watangulie watu, kisha ng'ombe, kisha mimea yako, na kinachobaki kiteremke. Zima pampu asubuhi kina mama wateke. Mwagilia jioni, jua halinyonyi maji. Kaeni na majirani mbele ya mwenyekiti wa kitongoji mpange zamu. Uzio wa kuzuia ng'ombe wasikanyage jicho la maji ni mzuri, ila uwe na mlango, na wajengee birika pembeni.

Sheria ya nchi ya 2009 nayo inahesabu maji kuwa mali ya umma. Kibali cha umwagiliaji kaombe Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, ofisi yao iko Mwanza mjini. Usilime ndani ya mita 60 za chanzo.

Zaka ya mpunga ukifika nisabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, ni nusu ya ushuri, 1 kwa 20, kwa kuwa unagharimia pampu. Nyanya hazina zaka kwetu.

Ama deni, najua linavyomnyima mtu usingizi. Muombe aliyekukopesha asogeze marejesho hadi mavuno. Ukishindwa kabisa, wadeni wametajwa katika sura ya Tawba aya ya 60 miongoni mwa wanaostahiki zaka. Kamweleze imamu wa msikiti wako bila haya, kuliko kumtoza mjane kwa ndoo ya maji.

Wallahu a'lam.