Mbabula yangu inaigwa: niombe breve au niache?

Swali: Jambo sana, Mama Wakili. Mimi ni fundi chuma hapa Katuba, Lubumbashi. Tangu miaka miwili natengeneza mbabula, yaani jiko la makala, ya tole (bati la chuma) yenye kikombe cha udongo wa kichuguu ndani. Wamama wananiambia gunia la makala lililokuwa likiisha kwa majuma matatu sasa linafika la tano. Kuna fundi wa Likasi ameanza kuiga. Tena shirika moja linataka kunipa pesa nitengeneze nyingi, ila wanauliza kama nimeilinda kwa breve. Rafiki yangu naye amenitisha: eti mbabula za namna hii zina breve Ulaya na China, na naweza kushtakiwa. Nifanye nini?

Jibu: Jambo sana, Papa fundi. Nianze na hofu yako, maana inakunyima usingizi bure. Breve, au hataza kama wanavyoandika wenzetu wa Tanzania, ni hati ya serikali inayompa mgunduzi haki ya peke yake juu ya ugunduzi wake. Haivuki mpaka yenyewe. Iliyotolewa Ufaransa inalinda Ufaransa. Ya China inalinda China. Ili ikubane wewe Lubumbashi, mwenyewe lazima awe ameiomba hapa Kongo, kwa sheria yetu ya tarehe 7 Januari 1982 kuhusu mali ya viwanda. Yako mashirika mawili ya Afrika ya kuandikisha haki hizi kwa pamoja, na nchi yetu haimo katika OAPI ya Yaoundé, ambako ombi moja linafunika nchi 17, wala katika ARIPO ya Harare. Mgeni anayetaka haki hapa hana budi kupita Kinshasa. Na hata breve iliyo hai ina mwisho wake: kwa kawaida miaka 20 tangu siku ya ombi, kisha kazi hiyo inakuwa ya watu wote.

Pa kujihadhari ni Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Zambia ni mwanachama wa ARIPO. Siku utakayopakia mbabula zako kwenda Kitwe au Ndola umeingia chini ya sheria ya kwao, na breve isiyo na nguvu hapa inaweza kuwa nayo kule. Uliza kabla lori halijaondoka.

Sasa geuza hofu hiyo iwe faida. Anayepewa breve hulazimika kueleza kazi yake hadharani: michoro, vipimo, namna moto unavyopata hewa. Mamilioni ya maandishi hayo yanasomwa bure kwenye intaneti, katika Patentscope ya WIPO (shirika la dunia la haki miliki) na Espacenet ya Ulaya. Keti na kijana anayejua Kifaransa, mtafute maneno «foyer amélioré», yaani jiko lililoboreshwa. Mkikuta mchoro ambao muda wake umekwisha, au ambao haukuombwa Kongo, utengenezeni hapa bila kumwogopa mtu. Mafundi wetu wengi hawajui kwamba mlango huu uko wazi, na inaniuma. Watu wakisikia haki miliki wanafikiri habari ya kukatazwa tu, wakati nusu ya sheria hii iliwekwa ili maarifa yatembee. Mkataba wa TRIPS wenyewe, ule wa dunia kuhusu haki miliki katika biashara, ambao Kongo inahusika nao tangu ilipoingia Shirika la Biashara Duniani mwaka 1997, unasema katika ibara ya 7 kwamba ulinzi huu unapaswa kusaidia ugunduzi na uhamishaji wa teknolojia. Nchi zenye maendeleo madogo kabisa, yetu ikiwemo, zimepewa hadi tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kulazimika kutimiza sehemu kubwa ya mkataba huo. Lakini usidanganywe kwamba basi hapa hakuna sheria. Ile ya 1982 ipo na inafanya kazi.

Breve yako mwenyewe? Sikushauri. Breve inataka kitu kipya, na kipya maana yake hakijajulikana popote, si Katuba peke yake. Wewe umeuza sokoni miaka miwili, mchana kweupe. Tena kikombe cha udongo ndani ya tole kina historia ndefu. Katika nchi ya Kenya (si komini ya jina hilo hapa Lubumbashi) jiko la namna hiyo lilitengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kufuata jiko la ndoo la Thailand, likasambaa kwa sababu mafundi wa jua kali waliigana. Pesa za kuomba breve zitoke mfukoni mwako, za safari ya Kinshasa pia, halafu ombi lianguke? Nunua tole.

Chenye thamani kwako ni jina. Mama anayekwenda soko la Kenya hawezi kuukata udongo aone umechomwaje. Anaamini jina na mkono wa fundi. Chagua jina lisilotaja kitu chenyewe. «Mbabula Bora» halifai, maana kila fundi ana haki ya kusema mbabula yake ni bora. Liandikishe kama alama ya biashara kwenye Wizara ya Viwanda. Linalindwa miaka 10 na unaweza kulirudisha upya kila muda ukiisha. Majiko yamo katika kundi la 11 la orodha ya kimataifa ya bidhaa. Usiingie kundi la 21, hilo ni la sufuria na vyombo vya jikoni. Kisha chonga chapa ya chuma, uigonge kwenye tole kabla ya kukunja, pembeni mwa mlango wa majivu, mahali moto hauli rangi. Usichelewe. Niliwahi kumpokea mama muuza pilipili ambaye mtu aliyekuwa akimsambazia bidhaa alitangulia kuandikisha jina lake. Tulihangaika miaka kulirudisha.

Siri yako nayo ni mali: kipimo cha udongo wa kichuguu na mchanganyiko wake, saa ngapi kikombe kinakaa kivulini kabla ya tanuri. Sheria inalinda siri ya mtu aliyeitunza kama siri. Basi wanafunzi wako waweke sahihi kwenye karatasi fupi, na wageni wenye simu wapigie picha mbabula iliyokwisha, wasipigie tanuri.

Huyu wa Likasi, jiulize: anatumia jina lako, au umbo tu? Kama ni umbo, mwache. Wewe na mimi tunaona malori ya makala yanavyotoka mbali zaidi kila mwaka, na pori la kandokando ya mji linavyokwisha. Kila mbabula inayopunguza makala ni mti unaobaki, hata ikitoka mkononi mwa mwingine. Akigonga jina lako kwenye kikombe kinachopasuka baada ya mwezi, hapo njoo mbio. Mahakama ya Biashara iko hapa hapa mjini. Afadhali hata umwite mfanye kazi pamoja. Kwa sheria ya OHADA, ile ya biashara inayotumika pamoja katika nchi kadhaa za Afrika, yetu ikiwemo, watu watano wanatosha kuanzisha ushirika mdogo, nao ushirika unaweza kumiliki alama moja na kukataa kuigonga kwenye kazi mbovu.

Mwisho hilo shirika. Hapo ndipo ninapoona hatari ya kweli. Wajibu kwa ukweli: breve hakuna, jina linaandikishwa. Halafu usome mkataba wao hadi ukurasa wa mwisho, utafute kifungu kinachosema matokeo ya mradi, michoro au jina ni ya nani. Kama kimeandikwa ni vya mfadhili, usiweke sahihi. Omba kibadilishwe: mali ibaki yako, wao wapewe ruhusa ya kuitumia katika mradi wao. Mfadhili mwema hukubali. Wakikupa karatasi ya Kifaransa na kusema «saini leo», niletee kwanza, kurasa zote, hata zile za viambatisho.