Kuogopa kuchanika tena uzazi wa pili: majibu yangu kwa aliyeuliza

Mdogo wangu, umesema mimba imeingia mwezi wa nane, uzazi wa kwanza ulichanika ukashonwa, na sasa unawaza kuomba upasuaji ili yasijirudie. Hofu hiyo naijua. Mimba yangu ya pili nilikesha sana, na wala sikuwa nawaza uchungu. Nilikuwa nakumbuka nyuzi, kukalia upande mmoja, na woga wa kwenda chooni.

Kabla hujaamua lolote, ujue kwanza ulichanika kiasi gani, maana michaniko ina daraja nne. La kwanza ni ngozi tu. La pili linaingia kwenye misuli ya msamba, yaani sehemu iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa, na wengi wetu tulioshonwa tuko hapo. La tatu linagusa misuli inayobana haja kubwa, na la nne linafika hadi ndani ya njia yenyewe ya haja kubwa. Mwombe nesi wa kliniki akusomee karatasi za uzazi ule. Kama zimepotea, kumbuka: ulipelekwa chumba cha upasuaji kushonwa? Baadaye gesi au choo vilikuwa vinakuponyoka? Kama ndiyo, onana na daktari wa uzazi sasa hivi, hapo mazungumzo ya upasuaji yana msingi. Na hata kwa hao wa daraja la tatu na la nne, madaktari wa uzazi wa Uingereza wanakadiria ni 5 hadi 7 tu kati ya 100 wanaoumia hivyo tena. Kwa daraja la pili, mimi nisingekubali kupasuliwa tumbo kwa sababu hiyo peke yake. Kovu la tumbo la uzazi lina hatari zake, na linakufuata kwenye mimba zijazo.

Kilichonisaidia zaidi ni kumwambia mkunga mara tu nilipofika leba, kabla uchungu haujakolea: "Uzazi uliopita nilichanika vibaya, naomba unisaidie kichwa kitoke taratibu." Mara ya kwanza nililazwa chali, sauti kila upande zinaniambia sukuma, na mtu ananikandamiza tumbo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 haupendekezi kukandamiza tumbo, wala kumwongezea njia, yaani kumkata msamba, kila mama kama desturi. Safari hii mkunga alinilaza ubavu, akaniwekea kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu kwenye msamba, akaushikilia kwa mkono. Kichwa kilipoanza kutokeza nilihisi moto, na mwili wote ulitaka kusukuma. Akaniambia, "Acha kusukuma mama, tweta." Nikatweta. Pale ndipo penye kazi yote, mdogo wangu: ngozi inahitaji muda wa kutanuka, na ukisukuma kwa nguvu zako zote wakati ule unainyima. Nilichanika kidogo tu, na siku za mwanzo niliweza kukaa kwenye kiti.

Kuhusu kukanda msamba kwa mafuta, wengi huanza wiki ya 34 au 35. Nawa mikono, kata kucha, tumia mafuta safi ya nazi au ya mzeituni, na uache kama una maambukizi ukeni au unatokwa damu. Faida yake katika kuzuia michaniko imeonekana zaidi kwa wanaozaa mara ya kwanza. Kwa sisi tuliokwisha kuzaa, inasaidia zaidi kupunguza maumivu ya baadaye.

Siwezi kukuahidi kwamba hutachanika kabisa. Mtoto mkubwa, au kuvutwa kwa kifaa, huongeza uwezekano hata mkunga akiwa hodari. Ila uzazi wa kwanza wenyewe ndio wenye hatari kubwa zaidi, na huo umeshaupita.

Kama hospitali yenu inaruhusu msindikizaji, mfundishe mapema ile sentensi ya kumwambia mkunga, maana uchungu ukikolea huenda usiweze kuisema mwenyewe.