Usiniulize namna ya kushusha asilimia

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, tasnifu yangu imetoka na asilimia 38 na zimebaki siku mbili. Naishushaje?" Alimaanisha kiasi cha maneno yanayofanana na ya kazi za wengine, kinachotolewa na programu ya kukagua kunakili. Nilimjibu kwa ukali, na tangu hapo sijatulia, kwa sababu swali hilo nililiuliza mimi mwenyewe nikiwa mwaka wa tatu.

Nilikuwa nimeahirisha asaimenti hadi usiku wa mwisho. Nikapata tasnifu ya mtu mtandaoni, nikachota kurasa nne. Palipoandikwa "muhimu" nikaweka "ya maana", sentensi ya mwisho nikaipeleka mwanzo. Programu ya kukagua ikatoa asilimia 9. Nikalala usingizi mnono.

Siku kumi baadaye mhadhiri aliniita ofisini. Mezani palikuwa na karatasi mbili sambamba, yangu na ile tasnifu. Alikuwa amepigia mstari mifano mitatu niliyoibeba kwa mpangilio uleule, pamoja na mwaka aliokosea mwandishi wa kwanza, nami nikaunakili na kosa lake. Akauliza: "Hii ni kazi ya nani?"

Nilichokifanya hapo kinaniuma hadi leo kuliko wizi wenyewe. Nilisema rafiki yangu ndiye aliyenichapia, huenda yeye ndiye aliyeziingiza zile kurasa. Naye akaitwa. Alihojiwa siku mbili kabla sijapata ujasiri wa kurudi na kusema ni mimi. Nilipata sifuri, nikarudia somo, nikahitimu mwaka mmoja nyuma ya wenzangu. Hayo nimeyalipa yakaisha. Rafiki yangu hajapokea simu yangu tena.

Kwa hiyo ndugu yangu wa 38, sikiliza. Asilimia ile inapima mfanano wa maneno, haipimi uaminifu. Nukuu uliyoifungia alama na kumtaja mwenyewe inaweza kuhesabiwa, hata orodha ya marejeo. Wazo uliloliiba ukalivisha maneno mapya linaweza lisionekane kabisa. Fungua ripoti, pita kila palipotiwa rangi. Hujamtaja mwenye wazo? Mtaje. Umemtaja lakini sentensi ni yake? Funga kitabu, andika ulichoelewa, kisha fungua uhakiki. Ukishindwa kuandika kitabu kikiwa kimefungwa, bado hujaelewa, rudi usome. Siku mbili hazitoshi? Mwendee msimamizi leo, kabla hajakuita yeye.

Na ninyi mnaosema hakuna atakayejua: Pál Schmitt alipata udaktari mwaka 1992. Mwaka 2012, akiwa rais wa Hungaria, chuo kilimvua shahada hiyo kwa sababu ya kunakili, naye akajiuzulu urais. Miaka 20 ilikuwa imepita. Leo mtu hahitaji hata kutafuta tasnifu ya mwingine, anaiagiza programu ya akili mnemba imwandikie sura nzima. Ukikaa mbele ya mhadhiri swali litakuwa lilelile, na safari hii hutakuwa na rafiki wa kumsingizia. Acheni kutafuta njia za kuipita programu. Muda huohuo ungetosha kusoma makala mbili na kuzielewa.

Jana nilimwandikia tena yule msomaji, nikamwomba radhi kwa ukali wangu na kumweleza haya yote. Amenijibu usiku: ameomba wiki moja, amepewa siku tano.