Jibu: Msusi kanikata upande mmoja mfupi, nifanyeje?

Pole sana mdogo wangu. Umeomba upunguziwe ncha tu, umerudi nyumbani upande mmoja uko juu ya sikio na mwingine unagusa shingo. Inauma, na asikwambie mtu "ni nywele tu."

Ila usikimbilie saluni leo kusawazisha. Watapunguza huku, watapunguza kule, mwisho utabaki bila kitu, na nywele hukua kama sentimita 1 tu kwa mwezi. Osha, paka mafuta, subiri siku chache ndipo uamue.

Umesema unatoka alfajiri na huna muda wa kuchana. Kwa urefu huo ningesuka twende kilioni ya nywele zako mwenyewe, bila rasta za kuongezea, au twisti ndogo ndogo pale zinaposhikika. Hukaa wiki mbili hivi, na ule upungufu wa upande mmoja hauonekani sana. Mwambie msusi asivute nywele za mbele na za pembeni. Ukiona vipele, au kichwa kinauma hata kulala huwezi, fumua siku hiyo hiyo, maana nywele za pale zikivutwa miaka na miaka huweza zisiote tena. Usiku jifunge kitambaa cha satini. Cha pamba hunyonya mafuta.

Na kama ncha bado zina dawa ya kulainisha nywele, mimi ningeenda kwa kinyozi mzuri anipunguze zote kwa mashine. Asubuhi ni maji, mafuta kidogo, umetoka. Utamrudia kila baada ya wiki tatu hivi akuchonge kingo, basi.