Dume gani wa elki umpige mshale: amua ukiwa bado nyumbani

Kuna swali naulizwa sana na ndugu zetu wa huku Marekani wanaotaka kuanza kuwinda kwa upinde, eti nikikutana na dume wa elki nimpige huyohuyo au nisubiri mwenye pembe kubwa zaidi? Jibu langu huwa linawaudhi, manake nawaambia hilo swali ukianza kulijibu porini ushachelewa, ulitakiwa ulijibu jikoni kwako wiki moja kabla, chai mkononi na akili zote kichwani.

Kwa walioko Tanga na kwingine wasiomjua, elki ni ukoo wa kulungu ila kwa ukubwa mfikirie ng'ombe wa kienyeji aliyeshiba afu mpe miguu mirefu, dume mkubwa anafika kilo 300 na zaidi. Pembe zake zina matawi kama mti mkavu, na kila mwaka zinadondoka baada ya baridi zinaota upya, sio kama za ng'ombe. Wenyeji wa asili, Washawnee, walimwita wapiti, yaani mwenye makalio meupe, na kweli mara nyingi ndo sehemu pekee utakayoiona akiondoka.

Mi niko Colorado, jimbo lenye elki wengi kuliko jimbo lingine lolote hapa Marekani. Msimu wa upinde ni 2 mpaka 30 Septemba na hapo ndo kipindi chao cha kupandana, madume wanapiga kelele milimani, sauti inaanza chini kama mlango uliokosa mafuta inapanda mpaka inakuwa filimbi halafu inamalizika kwa miguno. Ukiisikia mita 50 kutoka ulipojificha magoti yanalegea, sidanganyi. Sasa mtu ambaye magoti yamelegea ndo unataka aanze kufikiria vizuri?

Mwaka wangu wa kwanza, siku ya pili tu ya msimu, akanijia dume kijana wa matawi manne kila upande, yadi 30, ubavu wote wazi, anakula majani hana habari. Nikamwacha. Kichwa changu kilikuwa kimejaa video za watu wamekaa nyuma ya pembe kubwa kama mlango wa geti, nikasema huyu mdogo, wakubwa wanakuja. Siku nane nilizokuwa nimebakiza za kuwinda sikuona dume hata mmoja wa kupiga, nikarudi na nguo chafu na mtungi mtupu wa gesi. Mzee jirani yangu, ambaye amewinda hii milima tangu ujana wake, akaniuliza kwa upole tu, kijana, yule ulimwachia nini? Sikuwa na jibu. Mtu anayelenga rekodi na ana misimu kumi ya kusubiri ana jibu, mi nilikuwa na friza tupu na watoto watatu.

Kwa hiyo kitu cha kwanza amua unataka nini. Kama ni nyama, kijana wa miaka miwili mitatu ndo mtamu, laini, hana harufu kali. Dume mkubwa mwishoni mwa Septemba hali vizuri, kutwa kukimbiza majike na kupigana, amekonda na nyama yake inataka jiko la presha. Kama ni pembe za ukutani sawa, hakuna dhambi, ila ujue wengi wanaowinda kwa upinde hurudi mikono mitupu hata bila kuchagua.

Halafu sheria, hii haina mjadala. Maeneo mengi ya Colorado dume halali awe na matawi 4 au zaidi upande mmoja, au lile tawi la chini kabisa karibu na paji la uso liwe na urefu wa inchi 5 kwenda juu. Soma kitabu cha kanuni cha mwaka huo cha eneo lako, kuna maeneo yana utaratibu wake. Mwaka wa pili nilishavuta upinde kabisa kwa dume niliyemhesabia matawi manne, akageuza kichwa, kumbe mawili ni matawi ya msonobari nyuma yake, mnyama mwenyewe ni wa mwaka mmoja na ana vijiti viwili vilivyonyooka basi. Nilitoka jasho la baridi. Tangu siku ile sihesabu pembe mnyama akiwa kanitazama au ana miti nyuma, nasubiri ageuze shingo nimuone kwa upande. Na ukiona tawi la nne ni refu kuliko mengine limechomoza kama jambia, huyo amekomaa, acha kuhesabu shughulika na upinde.

Suala la kubeba watu hawalisemi kabisa. Dume mkubwa ukimtoa mifupa unabaki na karibu kilo 90 za nyama, wewe uko futi 10,000 juu, pumzi hakuna, gari liko kilomita sita, na Septemba mchana bado kuna joto la kuharibu nyama. Sheria inakutaka uitoe nyama, ukichukua kichwa ukaiacha nyama porini unaingia kwenye kesi kubwa. Kama uko peke yako na goti linauma, dume wa chini kule bondeni sio wako hata awe na pembe za dhahabu.

Na juu ya yote hayo amesimamaje. Mshale sio risasi, unaua kwa kukata, lazima upite mapafuni. Awe ubavu au amekupa kisogo kidogo. Akiwa amekuelekea kifua mi sipigi, mfupa wa bega la elki utakutia aibu. Wengine wananiuliza na uchinjaji je, kwetu Waislamu mshale wenye makali ukiutajia jina la Mungu wakati wa kuachia, windo ni halali, lakini hiyo inanifanya niwe mkali zaidi, sirushi kwa mnyama ambaye sina uhakika wa kumpata.

Haya yote nimeyafupisha kwenye kipande cha plasta nilichobandika kwenye upinde, nimeandika kwa kalamu ya wino mzito: 4, UBAVU, 35. Yaani matawi manne, ubavu, yadi 35 mwisho. Mke wangu anacheka anasema kama mtoto anayeenda na kibomu kwenye mtihani.

Mwaka wa tatu ndo kikafanya kazi. Jioni, mzee jirani yuko nyuma yangu mita 40 anapuliza kifilimbi cha sauti ya jike, ng'ambo ya kijito kuna dume la matawi sita kila upande na majike wake, linajibu kila tukiita. Likavuka, likaja mpaka yadi 33, likasimama. Kifua kwangu. Matawi yapo, umbali upo, ubavu haupo. Tukatazamana nadhani dakika nzima, mkono unaungua kwa kuvuta, nikashusha upinde taratibu na lenyewe likarudi kwa majike zake. Nikiwa bado natetemeka, kushoto kwangu akatokea kijana wa matawi matano, kimyakimya kama mwizi wa kuku, hawa vijana ndo tabia yao, wananyemelea majike ya mkubwa bila kupiga kelele. Yadi 22, ubavu. Nikatazama plasta, wallahi nilitazama plasta. Bismillahi, nikaachia.

Tukasubiri nusu saa na zaidi. Damu ilikuwa nyekundu ya kung'aa ina povu, hiyo ni ya mapafu, tukamkuta hajafika mita 80. Tulichuna kwa taa za kichwani, kila mmoja akabeba safari mbili, tukamaliza alfajiri. Na muda wote tunakata nyama lile kubwa liko ng'ambo ya kijito linapiga filimbi, mzee akainua kisu akalielekezea gizani akasema, yule mwache, ana kazi.