Barua kwa mwanangu: usimwamini upesi anayesimulia maisha yake

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, baba yako anakusalimu na mguu wake sasa unakanyaga vizuri. Ujumbe wako nimeusoma, lakini jibu lake ni refu kwa vidole vyangu na kioo cha simu, ndiyo maana nimekaa mezani niandike barua.

Umesema wewe na wenzako wa wodini mnaosoma vitabu pamoja mmepatana kubadilisha aina kila mwezi: mwezi huu tawasifu, ujao riwaya ya kisayansi, halafu ya upelelezi, na kuendelea. Tawasifu umeifurahia. Ya kisayansi imekukaa kooni hata unafikiria kujitoa, na umeniuliza hivi: "Mama, mtu mzima aliyetoka zamu ya usiku ana faida gani kusoma habari za sayari zisizokuwepo, na watu walioishi kweli wameandika maisha yao?"

Mwanangu, wasiwasi wako umeupeleka kwa asiyehusika. Mtu anayekwambia tangu ukurasa wa kwanza kwamba anatunga, atakudanganya nini? Wa kumchunga ni yule anayesema, "Haya yalinipata mimi."

Chukua Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Hamed bin Muhammed el Murjebi aliacha maisha yake kwa Kiswahili, kwa maneno yake mwenyewe, na Mjerumani mmoja, Heinrich Brode, akayachapisha kwao mwaka 1902 na 1903, mzee akiwa bado hai Unguja. Alifariki 1905. Ni katika tawasifu za mwanzo kabisa za lugha yetu, na inakwenda mbio: safari, vita, pembe za ndovu, mali ya mkopo, safari tena. Majuto hayamo. Sasa fika pale anapoingia Utetela, huko Kongo. Alikuwa amepata habari kwamba zamani ndugu wa kike wa chifu mzee wa nchi ile, Kasongo Rushie, walitekwa wakapelekwa mbali. Basi akazusha kwamba bibi yake mzaa mama ni mmoja wa mabinti wale. Mzee akaamini, akafurahi kumpata mjukuu, akamwachia utawala, na pembe zikawa zinaletwa kwake. Na anayetusimulia hila hiyo ni Tippu Tip mwenyewe, wala haoni haya.

Hapo huwa nafunga kitabu kidogo nikacheka. Mtu anakiri kwamba alijitungia ukoo na akaaminiwa, kisha anataka nimwamini ukurasa unaofuata! Mimi humwamini kwenye njia na bidhaa, maana mfanyabiashara hasahau alichonunua. Kwenye watu simwamini. Wapagazi na mateka wanapita humo kwa makundi, leo wako, kesho hawatajwi. Machifu wana majina, matajiri wa mjini wana majina. Aliyebeba pembe begani kutoka Manyema, huko Kongo, hadi pwani, huyo hutamjua.

Soma kando yake Salme binti Said, ambaye Wazungu wanamjua kwa jina la Emily Ruete. Alizaliwa jumba la Mtoni mwaka 1844, binti wa Seyyid Said, Sultani wa Unguja, akaondoka Unguja 1866, akaolewa na Mjerumani, na mwaka 1870 akafiwa na mume huko Hamburg, watoto wakiwa wadogo. Kumbukumbu zake zilitoka kwa Kijerumani mwaka 1886; alianza kuziandika kwa ajili ya wanawe. Mimi nimezisoma kwa Kiingereza. Kuna mahali anaeleza alivyojifunza kuandika kwa siri, kwa sababu watoto wa kike walifundishwa kusoma tu. Alitafuta mfupa wa bega la ngamia, ndio uliokuwa ubao wa siku zile, akawa anaiga herufi za Msahafu peke yake mpaka mkono ukazoea. Hiyo ndiyo tawasifu inapokuwa na thamani yake yote. Hakuna mtunzi ambaye angeubuni mfupa ule.

Lakini endelea. Inafika sura ya watumwa, na binti yule yule aliyejifunza kuandika kwa kujificha anautetea utumwa wa nyumbani kwao na kuwakemea Wazungu wanaotaka kuuondoa. Sikwambii umtupe. Nakwambia kila anayeandika maisha yake amekaa mahali, na kutoka mahali pale kuna watu hawaonekani. Yeye alikaa kibarazani kwa mfalme. Tippu Tip alikaa mbele ya msafara. Ukimaliza vitabu vyote viwili bado hujamsikia aliyebeba.

Sasa hapo ndipo riwaya unayoikimbia inapoanza kazi. Mwaka 1979 Octavia Butler, Mmarekani Mweusi, alitoa riwaya iitwayo Kindred. Dana, mwanamke Mweusi wa California mwaka 1976, anavutwa ghafla kutoka sebuleni kwake hadi shamba la watumwa Maryland, karne ya kumi na tisa. Mtambo wa kumsafirisha haupo, maelezo ya sayansi hayapo, na Butler mwenyewe alikuwa akisema kitabu hiki si cha kisayansi, ingawa wauza vitabu hukiweka rafu hiyo hiyo. Kabla ya kukiandika alisoma masimulizi ya waliowahi kuwa watumwa, akasafiri hadi Maryland akaiona nchi. Kwa hiyo ndani ya uongo ule mmoja, wa mtu kurudi nyuma miaka zaidi ya mia, mengine yote yamesimama juu ya ushahidi. Na uongo huo una kazi. Mimi na wewe tunasoma habari za utumwa tukiwa tumekaa salama upande huu wa miaka. Dana naye alikuwa amezisoma hivyo hivyo. Kisha anajikuta upande wa pili, na kusoma kwake hakumpunguzii hata kiboko kimoja. Tawasifu ya nani ingeweza kutufanyia hivyo? Walioishi kule hawakuwahi kuishi huku.

Najua utasema, "Hayo ni ya Marekani, Mama." Haya, tuje nyumbani.

Shaaban Robert mmemsoma shuleni kwa ajili ya mtihani, na mtihani huua ladha. Mrudie. Mwaka 1951 alikuwa karani wa serikali ya Mwingereza hapa Tanga, na mwaka huo ndio ilipotoka Kusadikika, nchi inayoelea angani. Karama anashtakiwa mbele ya mfalme kwa kuanzisha mafunzo ya sheria. Mshtaki wake ni Waziri Majivuno. Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, wakarudi na maarifa, na kila mmoja akapokewa kwa kifungo. Mtu huyo huyo ndiye aliyeandika Maisha Yangu. Ukitaka kujua alivyofiwa na mkewe Amina, na alivyokaa akatunga utenzi wa kumwusia binti yake na mwingine wa kumwusia mwanawe wa kiume, fungua Maisha Yangu. Ukitaka kujua karani yule aliwaza nini juu ya wakubwa wasiopenda kuambiwa, nenda kwenye nchi ya angani. Mshahara alikuwa akiupokea kutoka kwa wakubwa hao hao, na nchi isiyokuwepo haina polisi wa kuja kugonga mlango.

Na kama ni sayari hasa unayotaka kuiogopa, ipo ya Kiswahili: Walenisi, ya Katama Mkangi, iliyotoka 1995. Dzombo anahukumiwa kifo, anatiwa ndani ya chombo cha kurushwa angani kiwe ndiyo kunyongwa kwake, naye humo ndani anajifunza kukiendesha, akatua kwenye sayari ambako mambo yanaendeshwa kinyume kabisa na alikotoka. Mkangi alikuwa mwalimu wa sosholojia Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1986 serikali ya wakati ule ilimtia kizuizini. Ukijua hilo, ile hukumu ya mwanzo huisomi tena kama mchezo. Nikwambie pia kilema chake usije ukanilaumu: Dzombo akishatua, wenyeji wanapenda kueleza. Wanaeleza, wanaeleza. Mimi kurasa hizo nazisoma haraka, na nadhani mwandishi alikuwa na hamu ya kuijenga nchi yake kuliko ya kutusimulia kisa. Lakini safari ya ndani ya chombo, mtu peke yake na vitufe asivyovijua na kifo mbele yake, hiyo isome umekaa vizuri.

Wewe muuguzi, kuna kimoja ningekuwekea cha kwanza kama si Kiingereza chake cha zamani. Ni Frankenstein. Mary Shelley alianza kukiandika mwaka 1816 akiwa na umri wa miaka 18, kikachapwa 1818 bila jina lake. Watu wanakijua kwa filamu, radi na misumari shingoni. Kitabuni, kijana anamaliza kazi yake, kiumbe kinafungua macho, na muumba wake anakimbia chumba. Basi. Balaa lote linaanzia hapo, kwenye kumkimbia uliyemleta duniani kwa sababu sura yake imekutisha. Wewe umeshika watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, umewaona na baba waliosimama mlangoni wakashindwa kuingia. Utakielewa kitabu hicho kuliko maprofesa wengi.

Upelelezi sina haja ya kukushawishi. Nilipokuwa maktaba tulikuwa tunabandika nyuma ya kila kitabu karatasi ya kugongea muhuri wa tarehe ya kurudisha. Vitabu vya Muhammed Said Abdulla karatasi zake zilijaa tukabandika nyingine juu yake, na nyingine, mpaka jalada la nyuma likawa halifungi. Mzimu wa Watu wa Kale, kilichoshinda mashindano ya uandishi ya 1957 na 1958 na kuchapwa 1960, kilikuwa kinarudi kimelegea kila mshono, na mara moja kilirudi na harufu ya vitunguu. Maiti imekutwa mzimuni, mji mzima unanong'ona habari za mizimu, na mpelelezi Bwana Msa na kiko chake anauliza nani alikuwa wapi na nani amefaidika. Kiweke kabla ya tawasifu nyingine yoyote mtakayosoma. Ukishatembea na Bwana Msa, utamsoma mwanasiasa aliyestaafu akisimulia maisha yake, na kila anaporuka miaka mitatu kwa sentensi moja utasimama umuulize: mzee, hapo ulikuwa wapi?

Kwa hiyo usijitoe. Ila waambie wenzako utaratibu wa aina moja kila mwezi unawapunja. Someni viwili viwili vinavyogusana: Tippu Tip na Butler mwezi mmoja hata kama utakuwa mwezi mrefu, Maisha Yangu na Kusadikika mwezi mwingine, maana vyote vifupi. Na kitabu kikikuchosha hadi sura ya tatu kiache, hakuna mtihani safari hii. Riwaya za mapenzi sijazitaja kwa sababu hizo najua unazisoma bila kuniuliza.

Walenisi yangu nitaipakia kwenye basi Alhamisi, ndani ya kile kikapu cha maembe, imefungwa kwa mfuko wa nailoni. Mzigo nimeulipia huku. Kondakta akikudai chochote nipigie akiwa hapo hapo. Jalada limeng'oka na kurasa za mwisho nimezirudishia kwa gundi, zifungue taratibu. Usimwazime yule rafiki yako wa maabara. Mimi bado namdai kitabu changu cha Kuli.

Mama yako