Dada, usitume hiyo nauli: kadi ya chanjo ya homa ya manjano ya mdogo kwanza

Dada wa Muyeye, weka simu chini kabla hujatuma pesa. Umeandika mko wanne, mnakwenda Mbale, Uganda, na timu ya kanisa wiki saba zijazo, mkubwa ana miaka minne, mdogo miezi 17, na kiongozi wenu amewaambia "watoto wadogo hawaulizwi kitu mpakani." Nilipofika hapo nikaacha mahamri yangu yapoe nikaja kuandika. Unauliza mbebe unga gani wa uji, nepi za huko ni bei gani, na mkubwa aende au abaki na nyanya yake. Hayo yangoje.

Maneno hayo hayo niliambiwa mimi. Hapa hapa Malindi, nje ya kanisa, na mtu amevaa tai.

Sisi tulikuwa tunakwenda Jinja, basi la kukodi, kuondoka tarehe 2 Desemba na kurudi 16. Nililipa elfu 38 ya watu wanne tangu mwezi wa tisa, nionekane baba mwenye mipango. Pesa yenyewe hairudishwi. Kiongozi akatutia moyo kwa historia: hata Krapf, yule mmisionari Mjerumani, alikuja pwani hii kuhubiri akiwa na mkewe, nanyi nendeni na jamaa zenu. Tukapiga makofi. Alichokiruka ni kwamba homa ilimchukua mke wa Krapf pale Mombasa, na binti yao mchanga akamfuata siku chache baadaye, Julai 1844. Kaburi liko Nyali mpaka leo. Mtu akikutolea mfano wa misheni, muulize huo mfano uliishaje.

Sasa sikiliza. Uganda wanataka kadi ya chanjo ya homa ya manjano kwa kila aliyetimiza mwaka mmoja. Mwaka mmoja, dada, si "akianza shule." Mama mmoja wa kwaya (Mungu ameshamsamehe, mimi bado) aliniambia nisihangaike, hiyo chanjo watoto wetu hupewa kliniki. Wanaopewa kliniki ni wa kaunti chache za Bonde la Ufa, kama Baringo na Elgeyo Marakwet. Kitabu cha mtoto wa Malindi ukikipekua mpaka gamba la nyuma, haimo.

Tarehe 12 Novemba mdogo wetu akatimiza miezi 18. Mke wangu akampeleka kliniki, akapigwa surua na rubela ya pili kama ratiba inavyotaka. Hapo hakuna aliyekosea. Tarehe 22 tukateremka Mombasa sote wanne kwa ajili ya manjano. Mimi, mke wangu na mkubwa tukachomwa, tukapewa kadi. Ikafika zamu ya mdogo. Nesi akafungua kitabu cha kliniki, akasoma, akaniangalia kama mtu aliyeleta gari kwa fundi wa mashua.

Akanieleza taratibu. Chanjo ya surua na ya manjano zote mbili zimetengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa. Ama zipigwe siku moja, kila moja upande wake, ama zipishane wiki nne. Tungemleta siku ya ile surua tungezimaliza pamoja twende zetu. Sasa mapema kabisa ni tarehe 10 Desemba. Na kadi haianzi kazi siku unayochomwa, huanza baada ya siku 10. Yaani tarehe 20, na sisi tunarudi 16. Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu kwa simu, nikamwomba hata mke wangu ahesabu. Jibu moja.

Mtu mwenye akili angekaa nyumbani. Mimi nikampigia kiongozi. Akacheka. "Kaka, pale mpakani ni watu kama sisi, tutaongea nao." Na kwa vile elfu 38 ilikuwa inaniwasha, nikaamini kwamba karatasi inaweza kuongeleshwa.

Malindi hadi Busia ni zaidi ya kilomita 1,000. Tulifika alfajiri ya tarehe 4, mtoto anaharisha tangu Nakuru. Na pale Busia siku hizi kituo ni kimoja, unakaguliwa upande wa kule unakokwenda, kwa hiyo unapoulizwa kadi miguu yako ishafika Uganda ila wewe bado. Afisa wa afya, mwanamke mpole sana, akauliza: huyu ana umri gani? Mwaka na nusu. Kadi yake? Nikageuka nimtafute kiongozi aje aongee na watu kama sisi. Yuko nyuma ya basi anahesabu maboksi ya Biblia. Maboksi sita, aliyahesabu dakika ishirini.

Yule afisa alikuwa sahihi, simlaumu hata kidogo.

Kikao cha dakika tano kando ya basi, watu thelathini wanatusubiri, dereva anapiga honi. Ikaamuliwa mama na mdogo warudi. Mimi na mkubwa tuendelee. Nani aliamua? Mimi ndiye niliyeamua, basi, nimesema. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ya mke wangu yalikuwa kiti cha nyuma juu ya gurudumu, Busia–Nairobi, Nairobi–Mombasa, Mombasa–Malindi, peke yake, na nepi nne. Nepi nyingine zilikuwa kwenye begi lililokwenda Jinja nami.

Na unajua nilikuwa nimepangiwa somo gani kule? "Baba katika nyumba." Nikasimama mbele ya wanaume wa watu nikawafundisha, mkubwa amekaa mstari wa mbele. Tukafika maswali, akainua mkono akauliza mama yuko wapi.

Mke wangu mpaka leo nikimwomba chumvi mezani ananiuliza kama nina kadi.

Haya, tuje kwako. Mdogo wako ana miezi 17, maana yake surua ya pili inamwangukia kabla hamjaondoka. Wewe ni mimi mtupu, tofauti ni kwamba bado hujalipa. Hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya mpakani: siku 10 za kadi, na wiki nne za surua kama itatangulia. Ukisubiri mpaka mwezi wa mwisho, imekula kwako. Nenda kliniki wiki hii uwaambie mnasafiri, wakupangie zote mbili siku moja. Nyinyi watu wazima kama mlishachanjwa zamani kadi haijaisha, tangu 2016 ni ya maisha. Lakini shilingi hata moja isitoke mpaka uwe umeshika kadi ya kila mtoto mkononi. Kiongozi akikwambia nafasi zinaisha, mwambie ziishe.

Mambo ya uji wenzangu watakuambia. Kitabu cha kliniki cha mdogo kiko wapi sasa hivi? Kilete, fungua kwenye chanjo, uniandikie hapa tarehe ya surua ya pili ni lini. Niko mtandaoni.